KUPIMA ELIMU NA MWENENDO WA AFYA: SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI

Kusudi la somo

Daftari likisema ghalani mna kilo 5,000 za pamba na mzani ukaonyesha 4,700, mkaguzi huuamini mzani. Katika mambo ya afya pia kuna daftari na mzani. Kwa hiyo chama kinachotoa sehemu ya fungu lake la elimu kwa masomo ya afya hakina budi kujua kama fedha hizo zimepunguza ugonjwa au zimeongeza maneno tu.

Vipimo vitatu

Cha kwanza ni ujuzi: mtu anafahamu nini? Cha pili ni mwenendo: anatenda nini? Cha tatu ni hali ya mwili: ugonjwa umepungua? Kimoja hakiwezi kushika nafasi ya kingine.

Jambo hili lilizingatiwa tangu kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili walijifunza katika vikundi, wakisaidiwa na vitabu na matangazo ya redio. Waliotathmini kampeni hiyo hawakutosheka na kuuliza maswali ya ujuzi, bali pia walikwenda majumbani kutazama vyoo na usafi wa mazingira.

Mfano wa Mwanza

Mnamo mwaka 1999 mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza katika vijiji vya Mwanza, ukiendeshwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, AMREF na wataalamu kutoka London. Jamii 20 ziligawanywa kwa kura: 10 zilipata masomo ya afya ya uzazi katika darasa la tano hadi la saba pamoja na huduma bora zaidi kwa vijana katika zahanati, na 10 zilibaki kwa ajili ya kulinganisha.

Vipimo vya mwaka 2001 na 2002 vilionyesha kwamba ujuzi wa vijana waliofundishwa umeongezeka, na wavulana walieleza kuwa mwenendo wao umebadilika. Lakini vipimo vya mwili havikuonyesha kwamba maambukizo yamepungua kwa namna ya kutegemewa. Uchunguzi wa mwaka 2007 na 2008 ulileta jibu lile lile: ujuzi ulikuwa umedumu, lakini virusi vya UKIMWI na tutuko za sehemu za siri havikuwa vimepungua.

Tena, wapo vijana waliosema hawajapata kujamiiana, hali vipimo vyao vilionyesha vinginevyo. Mtu akiulizwa jambo la aibu hujibu kwa kujisitiri.

Lau wataalamu wangalipima ujuzi peke yake, mradi ungalisifiwa na kusambazwa kama ulivyo. Kwa kuwa walipima yote matatu, ilidhihirika kwamba kumfundisha kijana peke yake hakutoshi, maana binti anayejua hatari bado anaweza kushindwa na umaskini, zawadi, au matakwa ya mwanamume aliyemzidi umri. Sera haina budi kuwagusa wazazi na jamii nzima.

Kazi ya chama: kichocho

Kando ya ziwa kichocho cha tumbo ni adui wa mvuvi na mkulima. Mayai hutoka katika kinyesi na kuingia majini, vijidudu hukua ndani ya konokono, kisha humpenya mtu ngozini. Dawa huua minyoo, lakini haimzuii mtu kuambukizwa tena.

Chama kichague kaya kwa kufuata daftari la wanachama, kwa mfano kila jina la kumi, wala si wale walio karibu na ofisi. Wajumbe waulize kichocho huenezwaje, bila kudokeza jibu. Kisha waombe ruhusa kutazama choo: je, njia yake imekanyagwa, au imeota majani? Zahanati iombwe idadi ya wagonjwa waliopimwa na walioonekana na kichocho, bila majina. Baada ya mwaka mmoja kazi irudiwe kwa namna ile ile.

Ikiwa watu hawajui, fedha ziende kwenye mafunzo. Ikiwa wanajua lakini hawana choo wala kisima, fedha za mafunzo zaidi zitapotea. Afadhali zinunue saruji.

Maswali ya kujadiliwa

1. Kwa nini jibu la mdomo halitoshi kuthibitisha mwenendo?
2. Jamii 10 zisizofundishwa zilikuwa na faida gani katika uchunguzi?
3. Katika kijiji chenu, ni nini kinachomrudisha ziwani mtu anayekijua kichocho?