Kiziwi wa Jirani Atajuaje Kuwa Kipindupindu Kimeingia?

Mwanzoni mwa Januari 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu mjini Bujumbura. Julai 2024 ikatangaza mlipuko wa mpox. Katika mitaa ya Bujumbura kama Musaga, habari za namna hii hufika kwanza masikioni: redio, kipaza sauti, tangazo la kanisani, simu ya ndugu. Kiziwi huona majirani wakinawa mikono kwa bidii, asijue sababu.

Uziwi haumfanyi mtu aambukizwe upesi zaidi. Hatari iko katika habari kuchelewa, na kipindupindu kisichotibiwa chaweza kuua kwa saa chache.

Nyumbani na mtaani

Simama mbele ya kiziwi, penye mwanga. Usipige kelele, tumia alama, picha na vitendo. Maandishi peke yake hayatoshi, kwani viziwi wengi hawakupata nafasi ya kusoma.

*Kipindupindu:* dalili yake ni kuharisha majimaji mengi. Mwonyeshe jinsi ya kuchemsha maji na kunawa kwa sabuni. Kisha tengenezeni pamoja maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mgonjwa anywe huku akipelekwa kituo cha afya bila kungoja.

*Mpox:* huleta homa, vipele na uvimbe wa mitoki, na huenea hasa kwa kugusana. Viziwi huitana kwa kugusana begani. Basi kwa mwenye vipele, punga mkono au washa na kuzima taa. Naye aende kupimwa.

Kwenye kituo cha afya

Muuguzi, jina likiitwa, kiziwi hatalisikia; mfuate alipo. Barakoa huficha midomo na uso, na uso ni sehemu ya lugha ya alama. Tumia picha, au barakoa inayoonyesha mdomo ikiwapo.

Katika mambo ya siri kama virusi vya UKIMWI, usimfanye mtoto wa mgonjwa kuwa mkalimani. Mgonjwa mwenyewe amchague anayemwamini.

Akilazwa kwa kutengwa, mwachie simu yake na taa ya usiku. Gizani, alama hazionekani. Na namba ya dharura ipokee pia ujumbe wa maandishi.

Haya yote si hisani. Burundi iliridhia mwaka 2014 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, unaotaja afya na ulinzi wakati wa majanga.

Usingoje mlipuko mwingine. Wiki hii mtembelee kiziwi wa mtaa wako, umwombe akufundishe alama tano: maji, homa, kuharisha, vipele, hospitali. Siku ya hatari, mikono yako ndiyo itakayokuwa redio yake.