Dondoo muhimu: Kutoka kambini kwenda kazini uraiani

Anza maandalizi ungali na sare, walau mwaka mmoja kabla ya kustaafu.

Kwenye wasifu wako, cheo peke yake hakimwambii mwajiri unaweza nini. Badala ya "Koplo, Ugavi", andika: "Nilisimamia ghala la vipuri, nikatunza leja ya kupokea na kutoa, nikaongoza vijana wanane." Hapo ofisa rasilimali watu anakuelewa. Mambo ya operesheni na silaha yabaki kambini.

Fundi magari, umeme au uashi uliyejifunzia kazini, nenda VETA ukaulizie urasimishaji ujuzi: unapimwa kwa unachokijua, ukifaulu unapewa cheti. Kifuate, kina uzito. Dereva, hakikisha leseni yako ina daraja la gari unalotaka kuendesha.

Kiinua mgongo ndicho kinachoniumiza roho zaidi, maana nimeona kikiyeyuka. Dalali akikuletea lori la Fuso ulinunue kwa fedha hiyo, usilipe kabla fundi wako hajaifungua injini, na kabla hujakaa na mwenzi wako mkapiga hesabu ya ada za watoto.

Ulinzi ni kazi ya heshima, ila usiishike kwa sababu tu imejitokeza kwanza.