SOMO LETU: KAMBARE WADOGO WA CHINI YA MAWE



Tukisikia kambare, wengi wetu twamfikiria yule mkubwa wa bwawani. Lakini kwenye vijito vya milimani kuna ndugu zake wadogo, ambao twapita juu yao tukivuka maji bila kuwaona.

Tuanze na ukoo wao. Kambare wote duniani ni kama kabila moja, ndiyo oda inayoitwa Siluriformes. Kabila lina koo nyingi, yaani familia. Ukoo una milango, yaani jenasi, na kila mlango una nyumba zake, yaani spishi. Hawa wadogo ni wa familia ya Amphiliidae, inayopatikana Afrika pekee. Wengi hawafiki sentimita 12.

Jenasi tuliyo nayo hapa kwetu ni Amphilius. Ana ndevu jozi tatu, tumbo bapa, macho juu ya kichwa, na mapezi mapana ya kushikilia jiwe maji yakienda kasi.

Mwaka 1889 Mjerumani Pfeffer alimpa mmoja wao jina la spishi uranoscopus, maana yake mtazama mbingu. Kwa miaka mingi jina hilo moja likatumiwa kwa samaki wa mito mingi. Halafu mwaka 2010 wataalamu Thomson na Page wakawalinganisha upya, wakaona si nyumba moja. Yule wa Mto Athi wakampa jina lake: Amphilius athiensis.

Sasa mtu atauliza, jina litatusaidia nini? Tuseme hivi. Wakiwa wote ni spishi moja, wakiisha Athi twaweza kusema, "Si kitu, wako kwingine." Kumbe wa Athi ni wa Athi tu. Akiisha hapo, hakuna mto mwingine wa kumtoa.

Na makao yake ni ile nafasi iliyo kati ya mawe. Tukilima mpaka ukingoni, mvua huleta udongo na kuziba nafasi hizo. Maji machafu kutoka Nairobi nayo huingia mto huo huo. Samaki ataumia, na mama anayechota maji pia ataumia.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:
1. Wazee wetu waliwaita samaki wa kijito chetu majina gani?
2. Ni wapi tunalima karibu mno na maji?
3. Kabla ya mvua zijazo, tutaacha hatua ngapi za majani na miti ukingoni, na nani atazipima?