Sungura hataki kurudi kizimbani

Swali: Sungura wetu hushinda uani, lakini jioni hakubali kuingia kizimbani. Watoto humkimbiza hadi wanachoka. Tufanyeje? Mama wa Kiwanja, Rutshuru

Jibu: Kwanza, mama, wakataze watoto kumkimbiza. Sungura akikimbizwa hudhani anawindwa, na akishikwa vibaya akirusha miguu anaweza kuvunjika uti wa mgongo.

Asubuhi mpe chakula kidogo tu. Chakula kitamu, matembele kwa mfano, mwekee ndani ya kizimba jioni, maana jua likizama ndipo huchangamka kula. Kabla ya kukiweka, gonga kopo mara mbili tatu. Baada ya siku kadhaa mlio huo utamwita wenyewe. Majani ya avoka usimpe kamwe, ni sumu kwake.

Akiingia, usifunge mlango papo hapo. Mwache ale. Wala usimtoe kwa kumvuta; fungua, atoke mwenyewe.

Kagua na sakafu. Waya mtupu huumiza nyayo, na nani apende kulala hapo? Weka kipande cha ubao na majani makavu. Akiendelea kugoma, kipime kizimba: asipoweza kujinyoosha mwili wote, ni kidogo, mtengenezee kingine.