Pakiti Tisa za Unga Zinaweza Kuthibitisha Nini?

Mkazi wa Thika au Ruiru ananunua pakiti ya unga ya kilo 2, anaipima nyumbani na kupata gramu 1,968. Je, amepunjwa? Huenda. Lakini pakiti iliyokuwa kando yake dukani pengine ina gramu 2,008, kwani mashine ya kujaza unga hukosea kidogo juu au chini. Pakiti moja haitoshi kumshtaki mtu, na shehena nzima haipimiki.

Hesabu ya kuamua kwa sampuli ndogo ilichapishwa mwaka wa 1908 na William Sealy Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, aliyejiita "Student". Huitwa jaribio la t.

Tuchukue mfano wa kubuni. Pakiti 9 zimechaguliwa bila upendeleo kutoka shehena moja. Uzito wa unga pekee, kwa gramu, ni: 1,968, 1,968, 1,978, 1,988, 1,988, 1,988, 1,998, 2,008, 2,008.

1. Weka dhana. Tunaanza kwa kumwamini mfanyabiashara: wastani wa shehena ni gramu 2,000. Dhana mbadala ni kwamba uko chini ya hapo.

2. Tafuta wastani wa sampuli. Ni 1,988, yaani pungufu ya gramu 12.

3. Pima mtawanyiko. Tafuta tofauti ya kila pakiti na wastani huo, izidishe kwa yenyewe, kisha jumlisha zote: 1,800. Gawanya kwa 8 (idadi ya pakiti kutoa moja), upate 225. Kipeuo chake cha pili ni 15.

4. Gawanya 15 kwa kipeuo cha pili cha 9, yaani 3. Jibu ni 5. Sasa gawanya upungufu wa 12 kwa 5: t ni 2.4.

5. Linganisha na jedwali la t. Kwa pakiti 9, na hatari ya asilimia 5 ya kumlaumu asiye na kosa, mpaka ni 1.860. Kwa kuwa 2.4 imeuvuka, tunaikataa dhana ya kwanza: shehena hii inaonekana kuwa pungufu.

Lau mtawanyiko ungekuwa 24 badala ya 15, t ingekuwa 1.5 tu. Upungufu ni uleule wa gramu 12, lakini ushahidi hautoshi. Hiyo haimaanishi kwamba unga umetimia. Inamaanisha pakiti zaidi zipimwe.

Hesabu hii huaminika iwapo mizani ni sahihi, pakiti hazikuchaguliwa kwa hila, na uzito mwingi umekaribiana na wastani. Tena, si hukumu: ukaguzi rasmi hufuata Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513.

Ukishuku umepunjwa, tunza risiti na pakiti ambayo haijafunguliwa, kisha uwaarifu maafisa wa mizani na vipimo wa kaunti.