Namasole na Jumba Lake

Darasani tumesoma habari za mabibi wakubwa wa Uingereza wakati wa Malkia Victoria (1837–1901), na majumba yao ya shamba yenye watumishi wengi. Nikajiuliza, je, hapa Buganda hapakuwa na bibi wa namna hiyo? Alikuwako, naye ni Namasole, yaani mama wa Kabaka.

Kwa desturi, mwanawe akiisha kutawazwa, Namasole hakukaa naye. Alijengewa jumba juu ya kilima kingine, ng'ambo ya kijito, maana yeye pia aliitwa Kabaka, na wafalme wawili hawakai kilima kimoja. Huko alikuwa na baraza lake, Katikiro wake, na mashamba ambayo watu wake walimtumikia yeye.

Mmoja aliye mashuhuri ni Muganzirwazza, mama wa Mutesa wa Kwanza. Yeye na Katikiro Kayira walimsaidia Mutesa kupata kiti katika miaka ya 1850. Mwaka wa 1862 Mwingereza Speke alikwenda kumwamkia barazani kwake, akampa dawa. Alipokufa mwaka wa 1882, mmisionari Mackay alitengenezeshwa majeneza matatu, moja ndani ya jingine.

Sasa tulinganishe. Kule Uingereza, kwa muda mrefu mali nyingi ya mke ilikuwa mkononi mwa mumewe. Mwaka huo huo wa 1882 ndipo ilipotungwa sheria ya kumwezesha mke kushika mali yake yote mwenyewe. Namasole alishika mashamba yake tangu zamani, lakini aliyalipia, kwani alikatazwa kuolewa tena. Mwaka wa 1941 Irene Druscilla Namaganda, mama wa Mutesa wa Pili, aliolewa tena. Ghasia ikawa kubwa: yeye akapoteza cheo chake, na Katikiro Martin Luther Nsibirwa, aliyekubali ndoa ile, akalazimika kujiuzulu.

Kwa hiyo nadhani tusiseme kwamba wanawake wa kale wa huku hawakuwa na uwezo. Wala tusiseme kwamba wote walikuwa nao. Uwezo wa Namasole ulitoka kwa mwanawe, na mwanamke mkulima hakuuonja.

Wenzangu, nanyi mliotutangulia shuleni, Kampala ina vilima vingi. Waulizeni wazee kilima kipi kilikuwa cha Namasole yupi, mkaandike majibu yao kabla hayajasahauliwa.