Potasiamu: Neema ya Chakula na Hadhari ya Vidonge

Mwanafunzi wa kemia hukutana na potasiamu kwanza katika jedwali la elementi, ambamo imeshika nafasi ya 19 kwa alama K. Mwanafunzi wa biolojia huikuta tena anaposoma habari za neva na misuli. Mara ya tatu mtu huikuta kwa mfamasia, ikiwa vidonge ndani ya kichupa, au dukani ikiwa pakiti ya chumvi inayosemekana kuwafaa wenye shinikizo la damu. Makala haya yanakusudia kuyaunganisha masomo hayo matatu, kwani mtu asiyeyaunganisha huweza kujidhuru akidhani anajitibu.

Jina na asili

Alama K imetokana na jina la Kilatini "kalium", ambalo nalo chimbuko lake ni neno la Kiarabu "al-qali", yaani majivu ya mimea. Jina hili limesadifu. Mimea hufyonza chumvi za potasiamu kutoka ardhini. Ikichomwa, kaboni huondoka na moshi, na chumvi hizo hubaki majivuni, hasa zikiwa kaboneti ya potasiamu. Wapishi wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ambao tangu zamani huchuja maji ya majivu ya maganda ya ndizi au ya mabua ya maharage ili kulainishia mboga, wamekuwa wakiitumia kemia hii bila kuiandika. Maji hayo ya majivu yasichanganywe na magadi ya Ziwa Natron au ya Ziwa Magadi, ambayo ni chumvi za sodiamu.

Mwaka 1807, huko Uingereza, Humphry Davy alipitisha umeme katika potashi iliyoyeyushwa akaipata metali yenyewe: laini kiasi cha kukatwa kwa kisu, na ikitiwa majini huwaka. Metali hiyo haimo katika chakula. Tunachokula ni ioni yake, K⁺, iliyokwisha kupoteza elektroni moja na kutulia.

Kazi yake mwilini

Mwili wa mtu mzima una takriban gramu 140 za potasiamu. Katika kila sehemu 100 za kiasi hicho, 98 zimo ndani ya seli. Ndani ya seli ukolezi wake hufikia milimoli 140 kwa lita, hali katika damu, nje ya seli, ni milimoli 3.5 hadi 5 tu. Sodiamu imepangwa kinyume: nyingi iko nje na kidogo ndani.

Tofauti hii haijiweki yenyewe. Katika utando wa kila seli kuna protini zinazofanya kazi kama pampu: kila mzunguko hutoa ioni 3 za sodiamu nje na kuingiza ioni 2 za potasiamu ndani. Pampu hiyo ilitambuliwa na Jens Christian Skou wa Denmark mwaka 1957 alipokuwa akichunguza neva za kaa, na kwa kazi hiyo alitunukiwa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997. Kutokana na tofauti hiyo ya ukolezi hupatikana umeme mdogo katika utando wa seli, na kwa umeme huo neva hupeleka habari, misuli hujikunja na moyo hudunda. Potasiamu ya damu ikipungua mno, misuli hulegea, tumbo hufunga na mapigo ya moyo huvurugika. Ikizidi mno, moyo huweza kusimama, na mara nyingi bila dalili za kumtahadharisha mgonjwa.

Fumbo la hesabu

Sasa tufanye hesabu fupi. Maji yaliyo nje ya seli za mtu mzima ni kama lita 14. Tukichukua ukolezi wa milimoli 4 kwa lita, potasiamu yote iliyo nje ya seli ni milimoli 56. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2012, linapendekeza mtu mzima apate kwa siku milimoli 90 au zaidi, yaani takriban miligramu 3,510. Hii ina maana kwamba chakula cha siku moja kina potasiamu kuzidi yote iliyo nje ya seli. Kwa nini basi chakula hakituui?

Jibu lina sehemu tatu. Kwanza, potasiamu ya chakula huingia polepole, kwa kuwa imo ndani ya seli za mimea na nyama ambazo sharti zimeng'enywe. Pili, mlo wenye wanga huifanya kongosho itoe insulini, na homoni hii huichochea pampu tuliyoitaja iingize potasiamu ndani ya seli. Tatu, figo hutoa sehemu kubwa ya ziada kwa mkojo katika saa zinazofuata. Kwa hiyo usalama wetu umo katika mwendo wa taratibu na katika uzima wa figo. Anayemeza kiasi kikubwa kwa mara moja huvunja sharti la kwanza. Mwenye figo mbovu amekwisha kupoteza la tatu.

Potasiamu ya chakula

Kwa mtu mwenye figo nzima, chakula ndicho chanzo bora. Gramu 100 za mchicha uliopikwa zina takriban miligramu 600, parachichi 485, maharage yaliyochemshwa 400, ndizi mbivu 360, maji ya dafu 250, viazi vitamu vilivyochemshwa 230. Wali mweupe una 35 tu. Mtu aliyekula kwa siku gramu 200 za maharage, gramu 150 za mchicha, gramu 200 za viazi vitamu, ndizi mbivu mbili na nusu ya parachichi amekaribia kiwango kilichopendekezwa, wala hakununua kidonge.

Mpishi akumbuke kwamba chumvi za potasiamu humumunyika upesi majini. Anayechemsha mboga kwa maji mengi kisha akayamwaga, amemwaga na potasiamu. Mgonjwa wa figo, kinyume chake, huelekezwa na wauguzi kuchemsha na kumwaga maji hayo.

Vidonge na dripu

Kidonge cha kloridi ya potasiamu chenye miligramu 600 kina milimoli 8, yaani takriban miligramu 315 za potasiamu: pungufu ya ndizi moja. Msomaji atauliza hatari iko wapi. Iko katika mkusanyiko. Chumvi kali ikikaa mahali pamoja katika umio au utumbo huunguza. Katika miaka ya 1960 madaktari waligundua vidonda vya utumbo mwembamba kwa wagonjwa waliomeza vidonge vilivyoyeyukia sehemu moja. Ndiyo maana vidonge vya siku hizi hutengenezwa vitoe chumvi kidogo kidogo. Navyo vimezwe wakati wa kula, kwa gilasi nzima ya maji, mgonjwa akiwa ameketi wima. Visitafunwe wala kusagwa.

Daktari huviagiza kwa sababu maalumu, kwa mfano kwa mgonjwa anayetumia dawa za kukojoza kama furosemaidi, ambazo hupoteza potasiamu. Lakini dawa nyingine huizuia isitoke: enalapril, losartani, spironolaktoni, ibuprofeni, na pia kotrimoksazoli. Anayetumia mojawapo, au mwenye ugonjwa wa figo, asiongeze potasiamu kwa shauri la jirani. Apimwe damu kwanza. Kiwango kikizidi milimoli 6.5 kwa lita, hiyo ni dharura ya hospitali. Na hospitalini, potasiamu ya kwenye mshipa haichomwi kwa sindano ikiwa haijazimuliwa. Hupitishwa taratibu kwa dripu.

Chumvi mbadala

Katika vijiji 600 vya China, watu wapatao 21,000 walishiriki katika utafiti uliotangazwa mwaka 2021. Waliopewa chumvi yenye robo ya kloridi ya potasiamu walipata kiharusi kwa uchache wa asilimia 14 kuliko waliotumia chumvi ya kawaida. Faida hiyo ni kubwa, na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilishauri chumvi za namna hiyo, likiwatoa watoto, wajawazito na wenye figo dhaifu. Hadhari hiyo si ya bure. Kijiko cha chai cha kloridi ya potasiamu tupu, gramu 5, kina milimoli 67, kuzidi zile 56 za hesabu yetu. Mzee mwenye figo dhaifu anayemeza enalapril anaweza kuletewa pakiti hiyo na mwanawe kwa mapenzi, na mapenzi hayo yakamdhuru. Mwanafunzi anayejua kusoma maandishi ya pakiti anaweza kumwokoa mzazi wake.

Jaribio la darasani

Choma maganda makavu ya ndizi mpaka yawe majivu meupe. Koroga majivu katika maji, kisha chuja. Tia karatasi nyekundu ya litmasi: itageuka buluu. Haikisha sehemu ya maji hayo, chovya waya safi katika chumvi iliyobaki na uuweke kwenye mwali. Ukitazama kupitia kioo cha buluu cha kobalti, kinachoficha umanjano wa sodiamu, utaona rangi ya zambarau hafifu. Maji ya majivu huwasha ngozi na macho, mwalimu asimamie.

Maswali

1. Lita moja ya maji ya chumvi na sukari ya kutibu kuharisha hutiwa gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu. Ikiwa moli moja ni gramu 74.5, hiyo ni milimoli ngapi? Kwa nini mwenye kuharisha huihitaji?

2. Mtu anatumia kwa siku gramu 8 za chumvi yenye robo ya kloridi ya potasiamu. Ameongeza milimoli ngapi?

3. Eleza kwa nini shauri la kunywa mchuzi wa mboga ni jema kwa mtu mmoja na ni hatari kwa mwingine.